Tembo Aliyesamehewa

Nilisema ndiyo. Mchungaji aliniuliza mara moja tu, Jumamosi, tukiwa tumesimama mlangoni pa kanisa letu la mabati kule Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, kama kesho yake ningesimama mbele ya watu nishuhudie kwamba binti yangu ndiye aliyewaingiza wale wanyama nyumbani mwangu. Hakunitisha. Alikuwa anahangaika na kufuli lililoshika kutu, hata usoni hakuniangalia sana. Na mimi, mtu mzima niliyemaliza sekondari, niliyesoma elimu ya viumbe kwa Kifaransa na kufaulu, nilijibu ndiyo kana kwamba nimeombwa benchi la kukalia wageni.

Wanyama wenyewe walikuwa sita, na wote walienea kwenye kiganja cha mkono. Walikuwa wamechorwa kwenye sarafu.

Binti yangu alikuwa na miaka mitatu tulipokimbia Kivu ya Kusini mwaka wa 1996. Tulivuka ziwa hadi Tanzania, tukakaa huko miaka kadhaa, kisha tukaingia Uganda kwa mpaka wa Kikagate, mke wangu akiwa na sufuria zake kichwani na mimi nikimshika mtoto mkono. Pale Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, kabla hatujapewa kiwanja, tuliandikwa kwenye karatasi moja: mimi juu, mke wangu chini yangu, binti yetu chini ya mama yake. Karani akauliza, "Ni nyinyi watatu tu?" Nikasema ni sisi watatu tu. Watoto wawili waliomtangulia tulikuwa tumewazika kwetu, surua iliwachukua kabla ya vita. Kwa hiyo karatasi ile ilibeba kila mtu niliyekuwa naye duniani. Niliitunza ndani ya kitabu cha nyimbo.

Alikua mtoto wa Nakivale. Alijua maharagwe, mahindi, foleni ya bomba na vumbi la kiangazi. Congo hakuikumbuka hata kidogo. Alipokuwa na miaka kumi na tano, shuleni kwao alikuja mwalimu mgeni, mama mzee kutoka Ulaya, akafundisha sayansi kwa miezi michache. Siku ya kuondoka alimpa binti yangu zawadi kwa sababu alikuwa wa kwanza darasani. Ilikuwa kadi ngumu inayokunjwa kama kitabu. Ndani yake mlikuwa na matundu sita, na katika kila tundu sarafu moja chini ya plastiki. Zilikuwa sarafu za kukusanya, za watu wanaopenda kuziweka na kuziangalia, hazikutengenezwa kwa ajili ya soko. Upande mmoja palikuwa na mnyama wa kale. Upande wa pili palikuwa na jina la nchi yetu, kwa Kifaransa, limezunguka ukingo wote.

Alikuja nazo mbio mpaka shambani tulikokuwa tunapalilia.

"Papa, angalia! Iko jina ya inchi yetu!"

Nilipangusa mikono kwenye suruali nikaishika kadi. Katika miaka yangu yote kwetu sikuwahi kuona sarafu kama zile, wala kusikia mtu aliyeziona.

"Na kule kwetu inanunua nini?" mke wangu akauliza.

"Hata chumvi hapana," nikamwambia.

"Basi ni Congo ya kuangalia tu," akasema, akarudi kwenye jembe lake. Tukacheka wote watatu. Naikumbuka sana siku ile, kwa sababu hatukuwahi tena kucheka hivyo tukiwa watatu.

Alitufundisha wanyama wake. Kulikuwa na yule wa shingo ndefu, wa pembe tatu, wa vibao mgongoni, na mwenye meno anayesimama kwa miguu miwili. Alikuwapo pia mwenye mabawa ya ngozi, na tembo mwenye manyoya mpaka magotini. "Hawa bane njo dinosaria," alisema, akiwagusa wale wanne wa kwanza. "Wa mabawa hapana, ni wa wakati yao tu. Na tembo alikuja nyuma sana. Hawakuonanaka." Mimi shuleni sikuwahi kufundishwa hayo, nikawa nasikiliza kama mwanafunzi. Aliwachora kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni, wakubwa, mpaka mkia wa mmoja ukafika mlangoni. Alisema atasoma chuo kikuu, asome mawe na mifupa. Nilimwamini. Sikumuuliza tu ni mnyama yupi aliyempenda zaidi. Ni swali dogo, na ningeweza kuliuliza siku yoyote.

Mwaka uliofuata mke wangu akaanza kuumwa chini ya mbavu, upande wa kulia. Maumivu yalimjia baada ya kula, yakamzunguka mpaka mgongoni, akatapika na kulala chini akishika mkeka kwa meno. Dawa za tumbo tulizopata hazikumsaidia. Wakaja akina mama wa maombezi, kama ilivyo desturi yetu nyumba ikipata ugonjwa usioeleweka: wanaomba, wanafunga, na mmoja wao anaambiwa na Roho mzizi wa tatizo uko wapi. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mrefu wa kutoka milima ya kwetu, ambaye hakuwahi kuninyima chakula wala salamu. Alipoingia jikoni kuomba maji akauona ukuta.

"Hii nani alichora?"

"Ni mutoto," mke wangu akajibu kutoka kitandani.

"Na alibaonea wapi?"

Mke wangu akamweleza habari za sarafu, bila kuficha, kama mtu anavyosifia mwanawe. Yule mama akafumba macho muda mrefu.

"Iko joka mu nyumba hii," akasema. "Feza yenye iko na jina ya inchi yenu na sura ya nyama. Mutu akiipokea anakuwa wa nyama. Nayona inamuluma mama huyu chini ya mbavu, fasi ile ile anashika." Nyama kwetu ni mnyama, na sote tuliosoma Ufunuo tulijua anamsema mnyama yupi.

Sitasema kwamba niliamini. Sitasema pia kwamba sikuamini. Mke wangu alikuwa anapiga kelele kitandani, nami nilikuwa shemasi, na habari zilishaanza kutembea kwamba shemasi anafuga joka. Niliogopa macho ya watu. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nayo mlangoni pa kanisa Jumamosi ile, na sijapata nyingine tangu hapo.

Kutoka pale nilikwenda nyumbani moja kwa moja. Binti yangu alikuwa anapepeta maharagwe.

"Nipe ile kadi niione," nikamwambia.

Alikuwa ameshasikia maneno ya watu. Aliacha ungo. "Utarudisha?"

"Nitarudisha."

Akaingia ndani akaitoa chini ya godoro, imefungwa kwenye kitambaa chake cha kichwa, akanipa kwa mikono miwili.

Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye kwaya, mstari wa pili, na blauzi nyeupe. Mchungaji aliponiita nilisimama nikainua kadi juu. Maneno yangu nayakumbuka yote: "Mutoto wangu njo aliingiza nyama mu nyumba yangu. Naomba kanisa itusaidie." Watu wakaguna. Binti yangu akatoka kwenye mstari, akaja mpaka katikati ya kanisa.

"Papa," akasema, "ulisema utarudisha."

"Weye mutoto, nyamaza!" mama wa maombezi akamkemea. Na mimi nikatazama chini.

Wakaifungua kadi kwa kisu, juu ya meza, mchungaji na yule mama wakiinama kama watu wanaochambua mchele. Kila sarafu waliitoa, wakaigeuza, wakaiweka upande wa hukumu. Walipofika kwenye ya mwisho wakasita.

"Hii?" mchungaji akauliza.

"Hii ni tembo."

"Tembo wa nywele?"

"Pengine ni wa fasi ya baridi," mama akasema. "Tembo Mungu aliumba. Haina shida."

Wakanirudishia. Nilisikia binti yangu akisema, si kwa sauti kubwa, "Bote Mungu aliumba."

Baada ya ibada tukateremka kwa nyimbo hadi ziwa la Nakivale. Kijana mmoja Mnyankole alikuwa ananywesha ng'ombe wake, akatushangaa, akaniuliza, "Ssebo, mzee, siku hizi kiboko nakula pesa?" Na kweli viboko walikuwapo, masikio nje ya maji, wakubwa kuliko chochote kilichochorwa kwenye sarafu zile, na hakuna hata mmoja wetu aliyewakemea. Nilizitupa mwenyewe, moja moja. Mchungaji alitaka mwenye nyumba azitupe kwa mkono wake.

Nyumba yangu ikaamriwa kufunga siku tatu, mgonjwa naye. Mke wangu hakula kitu, alikunywa maji tu. Maumivu yakatoweka. Siku ya nne tukala chakula cha shukrani, maharagwe yaliyojaa mawese, kanisa zima likiimba uani kwangu. Kabla watu hawajatawanyika alikuwa anagaagaa kwenye mkeka.

"Iko na ingine," mama wa maombezi akasema. "Mutoto alificha ingine."

Waliingia chumbani kwa binti yangu kutafuta. Mimi ndiye niliyewanyanyulia godoro. Yeye alisimama pembeni akitazama nguo zake zikitupwa chini, kisha akaenda kwa mama yake, akamfungua kope kwa kidole.

"Papa, macho ya mama iko njano. Hii ni nyongo. Tumupeleke Mbarara."

Akatoka mbio kutafuta gari. Ni yeye aliyelipata, gari la mfanyabiashara wa ndizi, na ni yeye aliyemshika mama yake kichwa njia nzima mpaka hospitali.

Walimpasua. Daktari alikuwa kijana, Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini alinieleza vizuri kuliko wote walionieleza kitu mwaka ule. "Mzee, hii ndiyo ilikuwa nasumbua mama," akasema, akanipa kichupa cha plastiki. Ndani mlikuwa na mawe manne ya rangi ya kahawia, kila moja kama punje ya mahindi. "Mama nakula mafuta, mfuko ya nyongo najikaza, jiwe nafunga mlango. Hakuna kula, jiwe nalala. Umeelewa?"

Nilielewa. Nilielewa zile siku tatu za kufunga, nikaelewa na mawese. Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, naye akaelewa. Alinitazama na uso wake ukafunguka, kwa sababu aliona sasa nina kitu cha kuonyesha.

Mke wangu akapona kabisa. Jumapili aliyorudi kanisani watu walimpokea kwa vigelegele, mchungaji akasema, "Shemasi, shuhudia." Nikasimama. Kichupa kilikuwa mfukoni mwa koti langu na nilikuwa nimekishika. Niliwaona watu wale wote, wenzangu wa kukimbia, wenzangu wa kuzika, wakiwa na furaha, wakiwa na hakika. Nikasema, "Bwana ametenda makuu," nikakaa. Mke wangu aligeuza kichwa akanitazama mpaka wimbo ukaisha.

Mke wangu angekufa, labda watu wangesahau. Lakini alipona, akapita kila njia ya kijiji akiwa mzima na mnene, na kila aliyemwona alisema: sarafu zilitupwa ndiyo maana. Basi kila alivyozidi kupona, binti yetu alizidi kuwa yule aliyetaka kumla. Kwenye bomba la maji walimwita mama ya dinosaria. "Mama ya dinosaria, toa kidumu yako! Maji itageuka joka!" Wanawake waliwavuta watoto wao kando alipopita. Kwaya ikamwambia apumzike kwanza. Darasani benchi lake likabaki la mtu mmoja.

Alivumilia miezi. Kisha Jumapili moja asubuhi, nikipiga viatu rangi, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Papa, uko na chupa ya mawe. Uilete kanisani leo. Uonyeshe batu, useme vile daktari alisema. Siombi kingine."

Nilikuwa na kichupa, nilikuwa na mdomo, na kanisa lilikuwa mwendo wa dakika kumi.

"Pole pole, mwanangu," nikamwambia. "Batasahau."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la hesabu. Kabla ya Jumapili nyingine alikuwa ameondoka. Alikwenda Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, kwa mwanamke wa kwetu aliyekuwa anashona nguo. Shule iliishia hapo. Mawe na mifupa viliishia hapo. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Ushemasi niliuacha mwenyewe mwaka uliofuata, kimya kimya, nikatoa udhuru wa miguu. Hata hapo sikusema ukweli.

Mwaka wa 2011 nilikwenda kumtafuta. Nilivaa shati la kuazima. Mfukoni nilikuwa na ile sarafu ya tembo, nimeing'arisha kwa majivu mpaka manyoya yake yanahesabika. Nilimkuta kwenye cherehani, kibarazani, mtu mzima, na tepu ya kupimia shingoni. Alisimama, akanisalimu kwa heshima, akanipa kiti, akaniletea soda. Aliniuliza habari za miguu yangu. Nikaitoa sarafu nikaiweka juu ya meza ya cherehani.

Aliitazama bila kuigusa.

"Yangu ilikuwa ya mabawa," akasema.

"Sikujua."

"Hukuuliza." Hakusema kwa hasira. Alikata uzi kwa meno. "Na huyu naye alikufa zamani, Papa. Bote balikufa zamani, hata mutu mumoja hakuwaonaka. Mulikamata wafu mukaenda kubatupa mu maji, na miye muzima mukaniacha njiani."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Uliniharibu mbele ya batu. Unaniomba mu kibaraza." Akanirudishia sarafu mkononi, akanifunga vidole juu yake kama anavyofungiwa mtoto pipi. "Baki naye. Kanisa ilimusamehe, atakufaa."

Nilirudi Nakivale. Ningeweza hata siku ile kupita kanisani. Kichupa kilikuwa bado nyumbani, mke wangu alikuwa amekiweka kwenye kabati la vyombo, mahali ambapo ningekiona kila asubuhi. Nilipita njia ya nyuma.

Miaka mitatu baadaye mke wangu aliniambia kwamba mtoto ameomba karatasi yake mwenyewe, ameandikwa peke yake, na kwamba kuna nchi ya mbali inayoweza kumchukua. Alisema hayo akimenya viazi. "Bakikuita," akaongeza, "ufikiri mbele ya kusema. Mara hii ufikiri."

Ofisi ya wakimbizi iliniita mwaka wa 2015. Karani alikuwa mama wa Uganda, mpole, amevaa miwani. Mbele yake palikuwa na karatasi mbili: ile ya zamani ya Kabazana, nakala yake, na faili jipya la binti yangu.

"Mzee, hapa kuna shida kidogo," akasema. "Msichana huyu anasema baba yake alikufa. Lakini hapa zamani iko jina yako, imeandikwa baba. Wewe ni nani kwake?"

Nilitazama jina langu, juu ya jina la mke wangu, juu ya jina lake. Nilijua maana ya swali. Nikisema mimi ni baba, basi yeye amedanganya, na faili linafungwa. Atabaki na cherehani yake na jina lake la bombani mpaka mwisho. Nikisema kingine, hakuna ofisi duniani itakayoniita baba yake tena.

"Mimi nilimlea tu," nikasema. "Baba yake alikufa."

"Lini?"

"Akiwa na miaka kumi na sita. Hapa hapa Nakivale."

"Pole sana," akasema, akaandika. Kisha akanigeuzia karatasi nikatia sahihi.

Aliondoka mwaka ule ule. Hakuja kuaga nyumbani. Mama yake alikwenda Mbarara kumuaga, akarudi na blauzi mpya aliyoshonewa. Sasa simu ikilia mke wangu anaichukua na kwenda nyuma ya jikoni, upande wa ule ukuta tuliousugua kwa maji na mchanga bila kuufuta sawasawa. Nasikia kicheko cha binti yangu kikitoka kwenye simu. Siku moja nilisogea karibu nikasikia akiuliza, "Ni nani huyo?" Mke wangu akanitazama, akasema, "Ni mutu anapita." Sikumlaumu. Alisema alivyoagizwa na binti yetu.

Mke wangu yu hai, ana afya, anakula mawese. Tembo yumo ndani ya kitabu changu cha nyimbo, pamoja na karatasi ya Kabazana. Ile "ndiyo" niliyoitamka mlangoni pa kanisa ilinigharimu mtoto pekee aliyenibakia. Yeye anaishi. Mimi ndiye niliyekufa kwake, imeandikwa hivyo, na sahihi iliyo chini ni yangu.